Mdondoko

Fomu ya wilaya ina kisanduku kidogo,
juu yake wameandika: MDONDOKO. Jaza idadi.
Nikashika kalamu, nikaiweka chini.
Hapa Isyonje vinavyodondoka navijua:
parachichi usiku, upepo ukishuka Uporoto,
majani ya mkaratusi, umande wa kwenye bati.
Ambilikile hakudondoka.
Aliisha kidogo kidogo, kama sabuni.

Mwezi wa tatu alianza kukosa Jumatatu, siku ya gulio.
Mwezi wa tano, Jumatatu na Alhamisi.
Viatu vikawa ndala, ndala zikawa salamu
alizoleta mdogo wake: "Kaka anaumwa tumbo, mwalimu."
Tumbo hilo liliuma mpaka viazi vikaisha shambani.
Mimi nikaandika T. T ya toro.
T, T, T, mstari mzima,
misumari kwenye ubao,
na mwenye nyundo ni mimi.

Jumamosi, baridi ya Julai inang'ata masikio,
nikashuka njia panda, Fuso zinapopakia.
Nikamwona: kiroba kichwani mithili ya kofia,
shingo imezama mabegani,
gunia la lumbesa limemkalia mgongoni
na kilemba chake cha kamba juu.
Kijana ana miaka kumi na mitano.
Lumbesa haina umri, wala haya.

Hakunikimbia. Angekimbiaje na mzigo ule?
Aliutua, akafuta mkono kwenye suruali,
ile ile ya shule, magoti yameota viraka,
akasema, "Shikamoo, mwalimu,"
kana kwamba tumekutana korido.

Dalali alikuwa anagawa ujira, mdomo mwepesi:
"Magunia arobaini na mawili, mia saba mia saba,
mko wanne, haya, elfu sita sita, twende."
Ambilikile hakuinua hata macho.
"Elfu saba mia tatu hamsini, bosi."
Dalali akacheka, akaongeza.
Mimi sikucheka.
Mtihani wa Aprili nilimpa kumi na nane kwa mia
na chini yake, kwa wino mwekundu: *Huna juhudi.*

Kwao, mama yake alinipa kigoda karibu na moto.
Akamenya viazi vitatu kimya kimya,
cha nne akakishika tu.
"Mlimrudisha nyumbani kwa hela ya uji, nikauza kuku.
Mkamrudisha kwa rimu ya karatasi, nikakopa.
Mkamrudisha kwa mchango wa mlinzi.
Mara ya nne, mwalimu, alijirudisha mwenyewe.
Aliona awapunguzie kazi."
Moshi ukanisaidia. Macho yalikuwa na sababu.

Jumatatu, kwenye kikao cha walimu, nikasema:
tudai wazazi, tusiwadai watoto;
atakayekosa siku ya gulio
nitamfundisha saa kumi, baada ya zamu za usafi.
Mkuu akauliza, saa kumi nitalipwa na nani?
Mwenzangu wa Jiografia akatazama saa yake,
kisha akasema taratibu, "Mimi nitachukua Jumatano."
Hayo tu. Hatukupiga makofi.

Darasani nilifuta swali la kitabuni,
lile la matangi mawili na bomba linalovuja,
nikaandika: *Gunia la kilo mia limejazwa kilo mia na arobaini.
Mkulima ameibiwa nini?*
Mikono ikapanda hadi kwenye madawati ya nyuma,
hata ya wale ambao huwa wanalala.
Dawati la dirishani lilikuwa tupu.
Jumanne tupu.
Jumatano tupu, na la Atuganile pembeni yake likaanza
kuwa na vumbi ambalo sikuwa nimeliona.

Alhamisi, kipindi cha tatu, mlango ukagongwa.
Kucha zina udongo mweusi, sweta ni la mtu mwingine.
"Nimechelewa, mwalimu."
Alisema kwa sauti ya mtu anayejua kwa muda gani.
Nikafungua daftari la mahudhurio, nikatafuta jina lake,
nikaomba mtu anipe penseli.
Kalamu niliificha mfukoni.
Kile kisanduku cha wilaya bado hakijajazwa,
na jioni hii napanda Ntokela
kumuuliza mama yake Atuganile habari za nyumbani.